Shajara ya mradi: folda moja kwa kila mwanafunzi, popote atakapokaa

Maabara ya kompyuta ya shule ya sekondari, Dodoma. Naandika kila hatua inapokamilika, gharama zikiwemo, ili mwalimu mwingine wa TEHAMA akitaka kuiga asilipie makosa yaleyale niliyokwisha kuyalipia mimi.

## Jumamosi, 7 Juni 2025

Wanafunzi wameondoka kwa likizo na maabara ni yangu peke yangu. Hali ilivyo: kompyuta 22, kati ya hizo 14 zina Windows 10 na 8 kuukuu zina Linux Mint. Kila mtoto anahifadhi kazi kwenye kompyuta aliyokalia siku ile. Matokeo yake ni kugombania viti. Aliyeanza jedwali lake kwenye namba 4 hawezi kukaa namba 11, na akikuta namba 4 ina mtu, kipindi kimeisha. Mwezi Aprili diski ya namba 9 ilikufa ikaondoka na kazi za vitendo za mkondo mzima wa kidato cha tatu. Flashi tulizipiga marufuku kwa sababu ya virusi, nazo zinaingia hata hivyo, ndani ya soksi.

Ninachotaka: mwanafunzi aingie kwa jina lake kwenye kompyuta yoyote, akute folda yake, na asione ya mwenzake. Mwalimu wa somo aweze kusoma kazi za wanafunzi wake. Seva ni Debian 12 (aina ya Linux), na programu ya Samba itafanya kazi ya Active Directory, yaani mfumo wa Microsoft wa kusimamia watumiaji na kompyuta zote kutoka seva moja. Sijachagua Samba kwa sababu ya bei peke yake. Microsoft wanaacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba mwaka huu, na kompyuta zetu nyingi hazina sifa za kupokea Windows 11. Kompyuta za Mint zitaongezeka tu, kwa hiyo mfumo lazima uhudumie pande zote mbili tangu siku ya kwanza.

Bajeti iliyopitishwa: shilingi 1,400,000.

## Jumatano, 18 Juni

Vifaa vimefika. Kompyuta ya mezani iliyotumika, i5 yenye RAM ya GB 8, ndiyo seva: 480,000. Diski mbili mpya za TB 1 ni 280,000. Hizi zilinunuliwa Kariakoo na mpwa wangu akazibeba kwenye treni ya SGR, maana hapa mjini niliambiwa bei iliyonifanya nikohoe. Swichi ya gigabiti yenye matundu 24, 260,000. UPS ya VA 650, 170,000. Kebo na vichwa vyake, 95,000. Jumla 1,285,000.

Diski zimeunganishwa kwa RAID 1, yaani kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye nyingine. Seva nimeiweka kwenye stoo ya maabara, juu ya meza, si sakafuni. Upepo wa Dodoma wa mwezi huu unapitisha vumbi hata chini ya mlango uliofungwa.

Swichi ya zamani ilikuwa ya megabiti 100. Nilitaka kuiacha niokoe hela, kisha nikapiga hesabu: mlango wa seva ungepitisha kama MB 11 au 12 kwa sekunde, zigawanywe kwa watoto 22 wanaofungua faili kwa pamoja saa mbili asubuhi. Nikanunua.

## Ijumaa, 20 Juni

Kikoa, yaani kundi la akaunti na kompyuta zinazosimamiwa na seva, kimesimama, kwa awamu ya pili.

Awamu ya kwanza nilikiita `shule.local`. Windows hazikulalamika. Mint zikakataa kabisa kuiona seva kwa jina, wakati kwa namba ya IP zinaiona vizuri. Sababu: majina yanayoishia na `.local` yametengwa kwa ajili ya vifaa kutafutana vyenyewe kwenye mtandao mdogo, na Mint ina programu ya Avahi inayoyashughulikia kwa njia hiyo, hivyo swali halifiki kwenye DNS ya seva, huduma inayogeuza majina kuwa namba za IP. Kubadilisha jina la kikoa chenye watu ni shughuli. Changu hakikuwa na mtu, nikakifuta nikaanza upya:

```
systemctl disable --now smbd nmbd winbind
rm /etc/samba/smb.conf
samba-tool domain provision --use-rfc2307 \
  --realm=SHULE.INTERNAL --domain=SHULE \
  --server-role=dc --dns-backend=SAMBA_INTERNAL
systemctl unmask samba-ad-dc
systemctl enable --now samba-ad-dc
```

Mwisho wa `.internal` umehifadhiwa kwa mitandao ya ndani, hauwezi kuja kugongana na jina la mtu huko nje.

Mambo mawili ya kuangalia kabla ya kuunganisha kompyuta yoyote. Kwanza, ruta isigawe DNS yake. Kompyuta zote zielekezwe kwenye DNS ya seva, la sivyo kikoa "hakipo". Pili, Windows za toleo la Home haziungani na kikoa, hata uzibembeleze. Zetu tatu zilikuwa Home, nikazigeuza kuwa Mint siku hiyohiyo. Sasa tuko 11 kwa 11.

## Jumatatu, 30 Juni

Akaunti 240 za wanafunzi na 18 za walimu zimeundwa kwa skripti inayosoma orodha ya usajili. Majina ya kuingilia ni namba (s0417 na kadhalika), si majina ya watu. Kidato cha pili peke yake kina akina Neema watano.

Kila akaunti nimeipa anwani ya folda na herufi ya diski:

```
samba-tool user create s0417 "$NENO" \
  --home-drive=H: --home-directory=\\seva\kazi\s0417
```

Nikaingia kwenye Windows kama s0417. Hakuna H:. Hakuna ujumbe wa kosa pia; Windows imenikaribisha kwa adabu zote na kuninyima folda.

Saa nne zimepotea hapa, kwa hiyo sikiliza. Makosa yalikuwa mawili, moja limejificha nyuma ya jingine. La kwanza: gamba la Linux (shell, programu inayopokea amri) linakula mkwaju wa nyuma (`\`). Kila `\\` isiyofungwa kwenye alama za nukuu inabaki mkwaju mmoja, na kila mkwaju ulio peke yake unapotea kabisa. Nilipoangalia kilichoandikwa kwenye akaunti kwa `samba-tool user show s0417`, nikakuta `\sevakazis0417`. Dawa ni kuifunga anwani kwa nukuu moja moja: `'\\seva\kazi\s0417'`.

Nikarekebisha zote 240, nikaingia tena. Bado hakuna H:.

## Alhamisi, 3 Julai

Kosa la pili: `samba-tool` inaandika anwani tu. Haijengi folda. Nilikuwa nimewapa watu 240 anwani za nyumba ambazo hazijajengwa.

Njia niliyofuata: kwenye Windows moja nikasakinisha zana za kusimamia Active Directory, nikafungua orodha ya watumiaji, nikachagua mkondo mzima, nikaingia kwenye kichupo cha wasifu na kuandika `\\seva\kazi\%USERNAME%` kwenye H:. Zana hiyo inajenga folda yenyewe na kumpa kila mwenye jina haki zote juu ya folda yake. Mikondo sita, dakika kumi na tano.

Upande wa seva, folda ya pamoja ni mistari michache:

```
[kazi]
    path = /srv/kazi
    read only = no
    hide unreadable = yes
```

Usiipe jina la `homes`. Samba ina sehemu maalumu yenye jina hilo na inajiendesha kwa kanuni zake. Ukitumia njia ya kujenga folda kutoka Windows zitakuvuruga. Mstari wa mwisho unamfichia mtu folda asizoruhusiwa kusoma, ili mtoto akifungua `\\seva\kazi` aone yake tu badala ya orodha ya watu 240.

Nilijaribu pia kuufanya wasifu mzima umfuate mtumiaji, pamoja na picha ya mezani na mipangilio yote. Kuingia kulichukua dakika nne. Nimeachana nao, folda ya nyaraka peke yake ndiyo inayoelekezwa H:.

## Alhamisi, 17 Julai

Shule imefunguliwa wiki iliyopita, watoto wamefurahi, nami nikatembea kifua mbele. Leo asubuhi Mwalimu wa Historia amenisubiri mlangoni na karatasi saba mkononi.

"Mwalimu, hebu nisaidie. Hawa saba wote wameandika kuwa Vita vya Maji Maji vilianza 1950."

Vilianza 1905. Mmoja aligeuza tarakimu, sita wakanakili bila kusoma. Swali langu halikuwa la historia: walinakili *vipi*?

Nikaingia kama mwanafunzi wa kawaida, nikafungua `\\seva\kazi`, na folda zote 240 zikajipanga mbele yangu. Mstari wangu wa kuficha ulikuwa ukifanya kazi sawasawa. Ni kwamba hapakuwa na folda isiyosomeka.

Kosa lilikuwa kwenye folda mama, `/srv/kazi`. Wanafunzi wote lazima wawe na ruhusa ya kupita pale, vinginevyo hawafiki kwenye folda zao. Ruhusa hiyo nilipoiweka kutoka Windows sikuchagua iishie kwenye folda mama peke yake. Ikarithiwa na kila folda iliyojengwa chini yake. Kwa hiyo kila mtoto alikuwa na haki zake mwenyewe, na juu yake wenzake 239 wakiwa na haki ya kusoma.

Mpangilio sahihi wa folda mama, utakaowekwa kabla ya kujenga folda ya kwanza: wasimamizi, haki zote, zirithiwe; walimu, kusoma, kurithiwe; wanafunzi, kupita na kuorodhesha, kuishie folda hii tu. Nimerekebisha pale juu na ruhusa mbaya imetoweka huko chini yenyewe, kwa sababu ilikuwa ya kurithi. Bahati hiyo usiitegemee.

Nimejaribu kwa akaunti tatu tofauti, jambo ambalo ningelifanya tarehe 3. Siku zote nilikuwa nikijaribu kama mwenye folda kuona kama inafunguka. Sikuwahi kujaribu kama jirani.

## Alhamisi, 24 Julai

Umeme ulikatika jana jioni kwa saa kadhaa, UPS ikaisha chaji, seva ikazima. Asubuhi ikawaka vizuri, na nusu ya darasa haikuweza kuingia. Nusu nyingine iliingia bila H:.

Seva iliamini kuwa ni Januari 2018. Kibetri cha ubao mama kimekufa, na bando la intaneti lilikuwa limekwisha, kwa hiyo haikuweza kuuliza saa kokote. Kerberos, mfumo ambao kikoa kinautumia kumthibitisha anayeingia, haivumilii tofauti ya zaidi ya dakika tano kati ya kompyuta na seva. Hapa tofauti ilikuwa miaka saba. Walioingia ni wale waliowahi kutumia kompyuta hizohizo siku za karibuni: Windows huwakumbuka watumiaji kumi wa mwisho na kuwaruhusu hata seva isipopatikana. Ndiyo maana tatizo lilionekana kama la watu fulani fulani, nikapoteza saa nzima nikitafuta wana nini wanachofanana.

Kibetri aina ya CR2032: shilingi 3,000. Ukinunua kompyuta iliyotumika, kibadilishe kabla hujaifunga kifuniko.

## Jumanne, 29 Julai

Zamu ya Mint. Kuunganisha kikoa kwa `realm join` kulikwenda bila shida. Mtoto wa kwanza aliandika namba yake na nenosiri, skrini ikawa nyeusi sekunde mbili, ikarudi palepale pa kuandikia nenosiri. Akaandika tena, hivyo hivyo. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, inanikaribisha halafu inanifukuza."

Nenosiri lilikuwa sahihi. Mtu huyo hakuwa na folda ya nyumbani *kwenye kompyuta ile*, na eneo-kazi la Mint halina pa kuandika mambo yake. Tiba:

```
pam-auth-update --enable mkhomedir
```

pamoja na kuongeza `umask=0077` kwenye mstari wa `pam_mkhomedir.so`, ili folda itakayozaliwa isisomeke na wengine. Kwenye `sssd.conf`, faili la mipangilio ya sssd (programu inayoitambulishia Mint watumiaji wa kikoa), niliweka `use_fully_qualified_names = False`, mtoto asilazimike kuandika jina refu lenye kikoa.

Hiyo ni folda ya pale pale. Kuileta ya seva nilichagua NFS, njia ya Linux ya kushirikisha folda kwenye mtandao, kwa sababu ndiyo niliyoizoea. Ikaunganika, na kila mtoto akakataliwa ruhusa ndani ya folda yake mwenyewe. `ls -ln` ikaonyesha kisa. Kwenye seva mwenye faili ni 3000027. Kwenye Mint mtu huyohuyo ni namba nyingine kabisa ya tarakimu kumi. Linux haijui majina, inajua namba. Samba ilimpa mtoto namba yake ya ndani, na sssd ikampigia hesabu nyingine kutoka kwenye kitambulisho chake cha kikoa. Wote wawili wanakubaliana kuwa anaitwa s0417, na NFS haiulizi jina.

Nikampa kila mmoja namba moja rasmi ndani ya kikoa (`samba-tool user addunixattrs s0417 10417`), nikaiambia sssd iache kupiga hesabu zake (`ldap_id_mapping = False`). Sasa pande zote zinasema 10417.

Zimebaki faili za zamani zenye umiliki wa namba za zamani. Hizo ni za Jumamosi.

## Jumamosi, 2 Agosti

Kama kuna siku moja ningeomba nirudishiwe katika mradi huu, ni hii.

Nilitaka kurekebisha umiliki na nikasafisha kabisa:

```
for u in /srv/kazi/*; do
  chown -R "$(basename "$u")" "$u"
  chmod -R 700 "$u"
done
```

Inapendeza kwa macho. Mint zote zikafanya kazi. Upande wa Windows, walimu wote 18 wakafungiwa nje ya folda za wanafunzi.

Ruhusa za mtindo wa Windows Samba inazihifadhi kwenye sifa ya ziada ya kila faili, pamoja na alama ya jinsi ruhusa za kawaida za Linux zilivyokuwa wakati ule. Ukibadilisha zile za Linux kwa mkono, alama hazilingani tena, Samba inatupa za Windows na kusoma za Linux peke yake. Na `chmod 700` kwenye faili lenye orodha ya ruhusa inashusha kizuizi cha vikundi hadi sifuri, kwa hiyo kikundi cha walimu kikabaki jina tu. Amri mbili, na kazi yangu yote ya tarehe 17 imekwenda.

Nikaijenga upya kutoka Windows, kwa kuzungusha amri hizi mbili kwenye orodha ya wanafunzi:

```
icacls \\seva\kazi\s0417 /grant SHULE\s0417:(OI)(CI)F /T
icacls \\seva\kazi\s0417 /grant SHULE\walimu:(OI)(CI)RX /T
```

Dakika hamsini kwa wote. Nikaandika kwenye karatasi na kuibandika juu ya seva: RUHUSA ZINAPANGWA KUTOKA WINDOWS TU. Mlinzi wetu, ambaye hunisalimu "Mbukwa" kila jioni, aliisoma akauliza kama ni onyo kwa wezi.

## Jumatatu, 11 Agosti

Baada ya mapumziko ya Nane Nane, nusu ya walimu bado wana vumbi la Nzuguni kwenye viatu, nami nikakuta foleni mlangoni. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeweza kuingia kwenye Mint. Kwenye Windows wote wanalazimishwa kubadili nenosiri.

Safari hii nilijua ndani ya dakika tano, kwa kuhesabu vidole. Akaunti zote niliziunda 30 Juni. Samba kwa kawaida yake inalipatia nenosiri maisha ya siku 42. Siku ya 42 ni leo. Windows iliwaonya tangu wiki iliyopita. Watoto walibonyeza sawa na kuendelea na mambo yao.

```
samba-tool domain passwordsettings set \
  --max-pwd-age=0 --min-pwd-length=8 --complexity=off
```

Najua kuna watakaoguna kwa kuondoa masharti ya herufi na alama. Mimi nimeona maneno magumu yakiandikwa kwa kalamu nyuma ya kiganja. Herufi nane ambazo mtoto anazikumbuka zinanitosha.

Kuchapisha vikaratasi vya namba na maneno ya kuingilia: 12,000. Hii ilikuwa Julai, nilisahau kuiandika.

## Jumatano, 20 Agosti

Kijana wa kidato cha nne amebaki baada ya kipindi. "Shikamoo mwalimu. Naomba nikuonyeshe kitu, lakini usinichukulie hatua."

Akachomeka flashi (ya kwenye soksi, bila shaka), akaiwasha Mint namba 16 kutoka kwenye flashi hiyo, ambamo yeye ndiye msimamizi mkuu. Akaunganisha folda ya NFS. Akaunda mtumiaji mwenye namba 10417, akageuka kuwa mtumiaji huyo, akafungua folda ya s0417 na kunisomea barua aliyoiandika mwenzake. Muda wote, chini ya dakika tatu.

Nilitegemea `root_squash`, ambayo humnyima haki msimamizi anayetoka kompyuta nyingine. Inamnyima yeye kama yeye. Haimzuii kuvaa namba ya mtu. NFS kwa mpangilio wake wa kawaida inaiamini kompyuta inayouliza: ikisema "mimi ni 10417", basi ndiye. Kwa hiyo kazi yote ya Julai ya kusawazisha namba ndiyo iliyompa kijana ufunguo, maana namba sasa zinatabirika kwa kutazama jina tu.

Nimeifunga NFS jioni hiyohiyo. Sikumchukulia hatua; nimemfanya msaidizi wa maabara.

Badala yake Mint zinaunganisha `\\seva\kazi` kwa CIFS, njia ileile ya Windows, kupitia `pam_mount`, inayounganisha folda mtu anapoingia. Hapa anayethibitishwa ni mtu mwenyewe kwa tiketi yake ya Kerberos, si kompyuta:

```
<volume user="*" fstype="cifs" server="seva.shule.internal"
  path="kazi/%(USER)" mountpoint="~/Kazi"
  options="sec=krb5,cruid=%(USERUID),nosuid,nodev" />
```

Ilikataa kwanza kwa kosa la 126, la kukosekana ufunguo. Kifurushi cha `keyutils` hakikuwepo. Ukisakinisha `cifs-utils` sakinisha na hicho.

Angalia kuwa sikuifanya nyumba nzima ya mtoto iwe kwenye seva. Nilijaribu, na Firefox ikagoma, kwa kuwa programu nyingi zinataka kufunga faili na kuunda viungo ambavyo CIFS haivipi kama diski ya kawaida. Nyumba yenyewe iko kwenye kompyuta, na ndani yake kuna folda moja inaitwa Kazi. Watoto wameambiwa: kisichokuwa ndani ya Kazi si chako, mwenzio anaweza kufuta kompyuta kesho. Wameelewa haraka kuliko walimu.

Kijana amejaribu tena ujanja wake mbele yangu. Amekwama.

## Jumamosi, 13 Septemba

Diski imejaa. TB nzima, wiki tisa. Mtoto mmoja ana GB 61 za filamu, zilizopangwa kwa misimu, vizuri kuliko daftari lake.

Ningeweka ukomo tangu mwanzo. Neno `usrquota` kwenye `/etc/fstab`, kisha:

```
mount -o remount /srv
quotacheck -cum /srv && quotaon /srv
setquota -u s0417 1500000 2000000 0 0 /srv
```

Yaani onyo kwenye GB 1.5, ukuta kwenye GB 2. Watoto 240 mara 2 ni GB 480, nafasi inabaki ya walimu. Jambo moja la kushtukiza: kazi za zamani nilizozihamisha mimi kwa akaunti ya msimamizi hazihesabiwi kwa mtoto, kwa sababu ukomo unafuata mmiliki wa faili na si folda lilimo.

Siku hiyohiyo nimenunua diski ya nje ya TB 1 kwa ajili ya nakala rudufu, 190,000. Tumevuka bajeti, jumla ni 1,490,000. Mama mhasibu ameniangalia kwa muda, akaniambia, "Mwalimu, hiyo tisini utaieleza kwenye kikao wewe mwenyewe." Nitaieleza.

Nakala inafanyika kila usiku kwa `rsync -aAX`, na kikoa chenyewe kwa `samba-tool domain backup offline`. Hizo herufi AX nimezipata kwa jasho: jaribio la kwanza la kurudisha folda nilifanya kwa `-a` tupu, faili zikarudi zote na ruhusa za Windows hazikurudi hata moja. Safari hii lilikuwa jaribio tu, kwenye folda ya kuchezea.

## Jumamosi, 4 Oktoba

Wiki tatu bila tatizo jipya. Umeme umekatika mara mbili, saa ya seva haikutetereka.

Limebaki suala la kidato cha nne, wanaomaliza mwezi ujao. Akaunti 80. Sitazifuta siku ya mtihani wa mwisho. Nitazizima kwa `samba-tool user disable`, folda zikae hadi mwisho wa Januari, atakayeitaka kazi yake aje na flashi, safari hii mkononi. Baada ya hapo zitapakiwa kwenye diski ya nje na namba zao hazitapewa wanafunzi wapya, maana faili lolote lililosahaulika lenye namba 10417 lingejikuta lina mmiliki mwingine.

Windows 10 zilizobaki ni 11. Likizo ya Desemba nitazigeuza nne kwanza.

Kijana msaidizi ameshaomba folda yake. Ina MB 212, karibu yote ni maelezo ya jinsi ya kuivunja seva yangu, kwa tarehe.